Safari ya Kilimatinde: Maji, Majani na Afya ya Watoto

Akina mama wenzangu, mkipanda basi kutoka Dodoma kwenda Manyoni mtapita Bahi penye majaruba ya mpunga, kisha Kintinku, na hapo mtaona mbele yenu ukuta mrefu wa mlima. Huo ni ukingo wa Bonde la Ufa, na juu yake ndipo ilipo Kilimatinde. Ni mji mdogo wenye historia kubwa. Wajerumani waliweka boma lao hapa kabla reli ya kati haijafika, na hospitali ya Kanisa Anglikana imewahudumia watu wa pande hizi kwa miaka mingi. Ukisimama ukingoni jioni unaiona nchi tambarare ya Bahi imelala chini hadi macho yanachoka.

Nilikwenda mwezi wa Mei kwa semina ya akina mama wa kanisa, siku nne. Mvua za huku ni za msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili hivi. Baada ya hapo ni jua na upepo hadi mwisho wa mwaka. Kwa hiyo mwenye maji uani mwake ana mali.

Mwenyeji wangu, mama wa miaka sitini na ushei, anayo mali hiyo. "Mbukwenyi, nesi," alinisalimu kwa Kigogo, kisha akacheka. "Tua mzigo, uje uone ziwa langu."

"Ziwa" hilo ni lambo la hatua kama kumi na mbili kwa kumi na mbili, alilolichimba na wanawe kwa majembe mahali maji ya mvua yanapoteremka. Maji ya kunywa huchota bombani. Ya lambo ni ya mchicha, kuku, ndama na kufulia. Nusu yake ilikuwa imefunikwa na mayungiyungi yenye maua meupe, na kati ya maua wajukuu watatu walikuwa wakiogelea.

Kwa kweli palipendeza. Lakini nesi hawezi kuacha unesi wake nyumbani. Nilivuta jani moja kwa fimbo na kuligeuza. Chini yake yalishikamana mayai ya konokono, mfano wa matone ya ute, na konokono wenyewe wadogo kama punje za mahindi. Jioni nilimwita mjukuu mkubwa faraghani, nikamuuliza juu ya haja ndogo. Aliinamisha kichwa. "Mwishoni inatoka nyekundu, shangazi. Nilidhani ndiyo kukua."

Hiyo ndiyo dalili ya kichocho cha kibofu. Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya kichocho huanguliwa, na vijidudu vyake huingia ndani ya konokono na kuzaliana humo. Kisha hutoka na kuogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Konokono hula ukungu wa kijani na majani yanayooza, na hutaga mayai kwenye majani yanayoelea. Tukiwapandia bustani ndani ya maji, tumewajengea nyumba. Kadhalika, mbu mmojawapo anayeeneza malaria hupenda maji ya kudumu yenye majani kandokando.

Nilipomweleza mama alinyamaza kidogo, kisha akanionyesha ndoo nyuma ya jiko. Ndani yake kulikuwa na mmea wenye ua la zambarau, mashina yamevimba kama vipuli. "Mkwe wangu ameniletea kwa basi kutoka Mwanza. Nilikuwa nangoja wewe uondoke ndipo niutie."

Moyo ulinipiga. Lilikuwa gugu maji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na limetembezwa duniani kwa sababu hiyo hiyo ya uzuri wa ua lake. Katika Ziwa Victoria lilionekana miaka ya mwisho ya 1980. Miaka ya 1990 lilifunga mialo na kuwazuia wavuvi, hata nchi zetu zikaleta wadudu maalumu wa kulila. Likipata nafasi huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi, na mbegu zake hukaa hai topeni miaka mingi. Lambo la hatua kumi na mbili lisingemaliza msimu.

"Lakini ni zawadi ya mkwe," mama alisema. "Akija na kukuta nimeitupa, nitamwambia nini? Amebeba ndoo hii mapajani safari nzima." Sikuwa na jibu jepesi. Nilimwambia tu kwamba mkwe hakujua, na kwamba wajukuu hao ni watoto wake yeye pia.

Hakunijibu usiku ule. Asubuhi nilimkuta ameuanika mmea juu ya mwamba, mbali na maji, ili ukauke kabisa na kuchomwa moto.

Siku ya Jumamosi akina mama sita wa semina walikuja na reki za mipini mirefu. Waliosogea majini walivaa mabuti. Tuliyavuta mayungiyungi yote, tukayaanika juani mbali na lambo ili konokono wafe, ndipo yawe mboji. Maana maua hayo si mabaya penye maji yasiyoguswa na mtu, lakini hapa watoto hawatoki.

Kisha tulipanga mimea upya. Juu ya lambo, maji yanapoingilia, tulichimba shimo la kunasa tope na kupanda majani ya tembo kulizunguka, yachuje udongo. Kwenye kingo tulipanda vetiva, ambayo mizizi yake huenda chini sana na kushika udongo. Penye kuchotea tuliacha wazi kabisa. Maji yanapofurikia tulipanda magimbi na migomba, yanywe ziada isituame. Uzio wa minyaa tuliusogeza mbali, kwa kuwa utomvu wake huunguza macho ya watoto na huua samaki. Mama anataka kufuga perege, nao hula viluwiluwi vya mbu. Uzio wenyewe ni lazima, maana mtoto mdogo huzama kimya.

Hata hivyo, kung'oa majani peke yake hakumalizi kichocho. Konokono wengine hujificha topeni hadi mvua ijayo. Kwa hiyo choo kitumike, watoto wasiogelee, na maji ya kuogea yachotwe na kukaa siku mbili kwenye pipa lenye mfuniko, lisilo na konokono. Wajukuu wote watatu walipelekwa hospitali, wakapimwa na kupewa dawa kwa kadiri ya uzito wao.

Mwezi wa Januari mama alinipigia simu. Mvua zilikuwa zimeanza, na tope lilikuwa limebaki shimoni kama tulivyotaka. Mjukuu mkubwa amepona. Na mkwe je? Alikuja Krismasi, akauliza ua lake, naye akaelezwa yote bila kufichwa.

"Alilia kidogo," mama alisema. "Kisha akaichukua ndoo ile ile, akaenda kumwagilia mchicha."