Kutoka Isikizya hadi Tembe la Kwihara

Baada ya Sala ya Alfajiri tuliondoka Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, tukapita Tabora mjini, kisha tukashika njia ya Kwihara. Huko liko tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, ambamo Waarabu wa Unyanyembe walimpa Stanley makao mwaka 1871. Mwaka 1872 alirejea humo kutoka Ujiji pamoja na Livingstone, naye Livingstone akabaki akingojea wapagazi hadi tarehe 25 Agosti. Siku hizi ni makumbusho.

Wageni siku ile tulikuwa sisi peke yetu. Mwanangu, aliyesoma mkoani humu asipate kuliona hata mara moja, akaniuliza, "Baba, mbona wasilihamishie mjini waliko watu?"

Swali lake halikuwa la kipuuzi. Wafaransa walikuwa na makumbusho ya ndege, za vita zikiwamo, huko Meudon. Katika miaka ya 1970 wakaanza kuyahamishia Le Bourget, kwenye uwanja wa ndege karibu na Paris. Lakini ndege imeundwa isafiri. Tembe ukilibomoa wabeba udongo tu, na njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, waliyoikanyaga wapagazi wa Kinyamwezi na mizigo mabegani, haibebeki. Mimi naona nakala za picha na maandishi ziwekwe mjini, nyumba ibaki, na wanafunzi wapatiwe gari.

Tulisali Adhuhuri chini ya mwembe. Njiani kijana alikuwa akihesabu nauli ya darasa zima.