Niliyeshindwa Kungoja

Kwaya yetu ya parokia imezoea nyimbo za sauti nne ambamo wote hutamka neno moja kwa wakati mmoja. Kwaresima moja niliwaletea polifonia, yaani uimbaji ambao kila sauti huingia kwa wakati wake. Mmoja aliuliza kama mambo hayo ya zamani bado yanaruhusiwa. Nikamweleza kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, haukuikataza.

Nilianza na kanoni nyepesi ya sauti tatu, *Dona nobis pacem*, ombi lile lile la amani tunalomalizia Mwanakondoo wa Mungu. Wote hujifunza wimbo mmoja. Kundi la kwanza likimaliza sehemu yake ya kwanza, la pili linaanza mwanzo, kisha la tatu. Niliiandika ubaoni kwa solfa.

Juma la kwanza tuliimba pamoja, la pili kwa makundi mawili. La tatu mambo yakaharibika. Mzee mmoja wa besi, aliyeingia kwayani kabla sijazaliwa, aliingia mapema mara tatu. Mara ya nne nikapiga meza: "Mzee, kama huwezi kungoja, kaa usikilize!" Vijana wakacheka. Alikaa. Mazoezi yaliyofuata hakuja.

Nilifundisha wimbo wa kuomba amani, nami nilikuwa nimemwaibisha mtu wa umri wa baba yangu. Ijumaa, baada ya Njia ya Msalaba, nilimfuata nyumbani.

"Shikamoo, Mzee. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba, Mwalimu. Nimeshakusamehe. Ila mimi kungoja naweza. Umetupanga nyuma kabisa. Sauti ya kwanza hatuisikii. Nitajuaje zamu yangu?"

Sikuwa na jibu. Mazoezi yaliyofuata niliomba radhi mbele ya wote, nikawapanga nusu duara ili kila kundi lisikie wenzake. Besi waliingia sawasawa siku ile ile.

Tuliiimba wakati wa Komunyo, Jumapili ya pili ya Pasaka, siku ambayo Injili husimulia Yesu akiwasalimu mitume kwa amani. Tulikosea mahali pawili, lakini Mzee aliingia kwa wakati wake.

Tangu hapo, mtu akikosea nyumbani au jumuiyani, najitahidi kujiuliza kwanza: je, nimemweka mahali anapoweza kusikia?