Dola ku Dola, Franka ku Franka

Wadogo wetu ba kalasa za chini, tunasikia munasema aljebra haina kazi. Twende basi ku soko ya Kakanda.

Mama ana dola 3 na noti 4 za franka 1.000. Mtoto analeta dola 2 na noti 1. Ni dola 5 na noti 5. Hakuna mtu anasema "10". Andikeni vile vile: 3x + 4y + 2x + y = 5x + 5y.

Akilipa deni ya dola 2, inabaki 3x + 5y, noti hazikuguswa. Kiwango cha dola kikipanda, bei ya x inabadilika, hesabu haibadiliki.

Musiogope herufi. Mwenye kuchanganya atadanganywa ku soko mbele ya kuanguka ku mtihani wa Serikali.