Kutoona Si Kutokuwapo: Konokono wa Mitini katika Somo la Sayansi

Katika kufundisha sayansi, lipo neno moja dogo ambalo wanafunzi hulitumia kwa wepesi mno, nasi walimu tukalipitisha bila kulipima. Neno hilo ni "hakuna". Mwanafunzi hutumwa kutafuta kitu, asikione, naye akaandika kwamba hakipo. Tunapenda kuwaeleza walimu wenzetu jinsi tulivyojaribu kulipima neno hilo hapa Mvumi, wilayani Kilosa.

Somo lilihusu wanyama wasio na uti wa mgongo. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, na nyasi zilikuwa zimekauka. Tuliwagawa wanafunzi katika makundi, wakatafute konokono wanaoishi mitini. Makundi yote yalirudi mikono mitupu, ila taarifa zao hazikufanana. Kundi moja liliandika: "Konokono wa mitini wamekwisha kwa ukame." Jingine liliandika: "Tulitazama miti 9, asubuhi, upande wa njiani. Hatukuona konokono. Matawi ya juu hatukuyafikia." Kundi la kwanza lililalamika kwamba wenzao hawakujibu swali, na ubishi ukawa mkali. Badala ya kuukata, tuliwasimulia habari za Aldabra.

Aldabra ni visiwa vya matumbawe katika Bahari ya Hindi, kaskazini-magharibi ya Madagaska. Ni sehemu ya nchi ya Shelisheli, lakini viko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé, kisiwa chake kikuu. UNESCO iliviingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1982, na sifa yao kubwa ni kobe. Humo huishi pia konokono wa mitini mwenye gamba la mistari, ambaye wataalamu humwita Rhachistia aldabrae, naye hapatikani penginepo duniani. Baada ya mwaka 1997 hakuonekana tena akiwa hai. Alitafutwa bila mafanikio, na mwaka 2007 ikatangazwa katika jarida la kitaalamu kwamba ametoweka kabisa kwa sababu ya kupungua kwa mvua. Hoja hiyo ilikuwa na msingi, kwani konokono, hasa wachanga, hukauka upesi wakikosa unyevu. Hata hivyo, wapo wataalamu walioipinga. Walisema kwamba sehemu kubwa ya Aldabra ni miamba mikali na vichaka vilivyoshonana, ambako karibu hakuna mtafiti aliyewahi kufika.

Tarehe 23 Agosti 2014, watafiti waliingia katika kichaka kizito cha Malabar, kimojawapo cha visiwa hivyo, wakamkuta. Walihesabu konokono 7, wakiwamo wachanga. Kiumbe aliyeandikwa marehemu kwa miaka 7 alikuwa bado anazaa.

Kundi la pili lilishangilia. Ndipo mwanafunzi mmoja wa kundi la kwanza akauliza: "Basi tuseme hakuna kiumbe kinachotoweka?" Swali hilo lilikuwa la haki, na mwalimu anayeishia Aldabra atawapotosha wanafunzi wake. Tuliwapeleka kwa mawazo hadi Moorea, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki. Konokono mkubwa wa pwani yetu ya Afrika Mashariki alikuwa amefikishwa katika visiwa vile na binadamu, akawa mharibifu wa mazao. Ili kumkomesha, mwaka 1977 aliletwa Moorea konokono mla nyama, ambaye asili yake ni Marekani. Huyo aliwageukia konokono wadogo wa mitini wa jamii ya Partula, na katika muda wa miaka 10 hivi wakaangamia karibu wote. Huko watafiti walikuwa na kumbukumbu za miaka mingi zilizoonyesha kila aina ilikoishi, nao waliporudi waliyatafuta mabonde yale yale. Neno lao "hatukuwaona" lilikuwa na uzito kwa sababu walijua walikotazama.

Hapo wanafunzi walitambua kwamba makosa yapo pande zote mbili. Kiumbe kilichoandikwa mapema kuwa kimekwisha hakitafutwi wala hakilindwi. Na anayekataa kabisa kuandika "hakuna" huenda akakosa kuiona hatari mpaka wakati umepita.

Mvua zilipoanza, tuliwatuma tena kwenye miti ile ile. Kundi moja lilikuta konokono 2 wadogo chini ya majani ya mwembe. Mengine hayakuona kitu. Tulieleza kwamba wakati wa ukame konokono huziba mlango wa gamba kwa ute unaokauka, akatulia kimya akingoja unyevu, na aliyejishikiza juu ya gome huweza kupitwa na macho kwa urahisi.

Tangu hapo daftari letu la uchunguzi lina safu 5: mahali, saa, hali ya hewa, kilichoonekana, na mahali tusipotazama. Safu ya mwisho tumeipa alama sawa na nyingine. Mwanafunzi asiyeona kitu akaijaza vema hupata alama zake zote, na anayeandika "hakuna" hurudishiwa daftari, aeleze alitafuta wapi na kwa muda gani. Utaratibu huu hauhitaji chombo chochote ila kalamu na rula, nao wafaa kujaribiwa hata katika shule isiyo na maabara.