Feni, miguu minne na hewa ya Eldoret

Leo naacha programu kidogo niwasimulie jinsi feni ilivyoniaibisha.

Shangazi yangu ana saiba hapa Eldoret. Kompyuta yake kuu ilikuwa na prosesa ya Core i3-2100, toleo la mwaka 2011, na ilikuwa inasuasua. Nikamtafutia Core i5-2400 iliyotumika pamoja na feni yake. Soketi ni ileile, LGA 1155, basi nikajua ni kazi ya nusu saa.

Hatua zenyewe ni hizi. Zima, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ukutoke mwilini. Inua wenzo wa soketi. Hapa pini 1,155 ziko kwenye ubao mama, si kwenye prosesa, na ni laini sana. Ukiziangushia kitu zimepinda. Linganisha pembetatu ya dhahabu na alama ya soketi, laza prosesa bila kuisukuma, rudisha wenzo. Paka pesti ya kupitisha joto kiasi cha punje ya mchele (sisi wa Uasin Gishu tusidhani ni ya mahindi!). Kisha weka feni. Ina miguu minne ya plastiki, bonyeza kwa mshazari mpaka kila mguu ulie "ta!" Mwisho chomeka waya wake palipoandikwa CPU_FAN.

Ikawaka. Nikaondoka kifua mbele.

Tarehe 29 Juni, siku moja kabla ya mwisho wa kuwasilisha ritani za KRA, simu ikalia. "Mwanangu, mashine imezima tena na foleni iko hadi mlangoni. Hiyo digrii ulisomea kuzima kompyuta?"

Nikafika mbio. BIOS ilionyesha nyuzi 94, na mashine haina kazi yoyote! Nikaanza kutoa nadharia. Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Feni inasukuma ujazo uleule, lakini hewa iliyomo ni haba, hivyo inabeba joto kidogo. Tena i5 hii imepimwa wati 95, ile i3 ilikuwa 65.

Yote hayo ni kweli. Shangazi akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na zile zingine tano zinapumua hewa ya wapi?"

Nikafungua kasha. Mguu mmoja haukuwa umeshika. Alumini ya feni ilikuwa imeinama na pesti imegusa upande mmoja tu. Siku ile nilisikia "ta" tatu, ya nne nikaidhania.

Nilifuta pesti, nikapaka mpya, nikabonyeza upya. Nyuzi 41. Lakini wateja walikuwa wamehamia kwa jirani, na mapato ya mchana ule hayakurudi. Nilikaa mpaka usiku nikiwajazia ritani waliobaki, bila malipo.

Siku hizi navuta kila mguu kwa kidole, kisha naipa mashine kazi nzito nusu saa huku natazama joto, ndipo niage. Shangazi bado ananiita fundi wa miguu mitatu.

Tukutane wiki ijayo.