Jakuzi la uani

Jumatano, 11 Juni 2025
Kaka kapiga simu tena kutoka Dar. Anataka jakuzi uani kwenye gesti, madereva wanaokwama foleni ya mpakani wapate pa kupumzisha mgongo. Baridi hii ya Tunduma inampa haki. Muuzaji kanitumia picha ya la watu wanne, lita 1,500, lenye taa za rangi. Nimemuuliza chujio likichoka nanunua wapi, na hita ikiungua nani anaitengeneza huku. Kasema ataulizia.

Jumapili, 15 Juni
Nimekwenda maji moto ya Songwe, upande wa Nanyala. Yapo yanayotoka ardhini na nyuzi 80 hivi; hayo yanababua ngozi papo hapo. Watu huoga mbele, yanakopoa. Nilikaa sana kwenye yale mawe meupe: ni chokaa iliyoachwa na maji yenyewe, tabaka juu ya tabaka. Maji ya kisima chetu nayo yana chokaa, birika la jikoni ni shahidi. Itaganda kwenye hita vilevile. Lazima maji yapimwe kabla ya kununua chochote.

Jumanne, 17 Juni
Fundi umeme kapiga hesabu: kupasha lita 1,500 kutoka nyuzi 18 hadi 38 ni uniti 35 hivi za LUKU, na hita ya kilowati 3 itachukua karibu saa 12. Bila mfuniko mnene, usiku mmoja joto lote limekwenda. Maji peke yake ni tani moja na nusu, kwa hiyo zege imara chini. Kasisitiza ethi, na swichi inayokata umeme mara unapovuja.

Usiku nimesoma habari za Bovenkarspel, Uholanzi. Mwaka 1999, kwenye maonyesho ya maua, jakuzi lililowekwa kwa ajili ya wanunuzi lilirusha matone yenye bakteria wa Legionella. Walikufa watu 32, na walikuwa wapita njia, si waogaji! Miaka mitatu baadaye huko Marekani, Virginia Graeme Baker, mtoto wa miaka 7, alinaswa na mfyonzo wa tundu la chini akafa maji. Sheria ya vifuniko vya matundu hayo, ya mwaka 2007, ina jina lake. Nitalikataa jakuzi lolote lenye tundu moja au kifuniko bapa.

Jumapili, 22 Juni
Nimezungumza na kaka kwa kirefu. Ninayemhofia zaidi ni dereva mwenye presha, kashinda kwenye usukani bila kunywa maji, kisha bia mbili. Joto linatanua mishipa, presha inashuka, anazimia humo humo. Kwa hiyo nyuzi 38, zisivuke 40 kamwe. Dakika 15, kisha nje. Mlevi haingii. Mjamzito na mgonjwa wa moyo waanze kwa daktari. Watoto wadogo hapana.

"Na dawa?" kauliza. Klorini isipungue miligramu 3 kwa lita, pH kati ya 7.2 na 7.8, ipimwe kabla wageni hawajaingia. "Si wewe upo?" Usiku sipo, kaka, na madereva huoga usiku.

Amekubali tuchukue la watu wawili, lenye mfuniko wa kufunga kwa kufuli, na mhudumu wa usiku afundishwe kupima. Hela haitoki mpaka majibu ya maji yarudi. Kesho napeleka chupa Mbeya.