Ugonjwa Huu ni wa Nani?

Katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana wanafunzi wanakutana na mtu aliyezaliwa kipofu. Jambo la kwanza wanalotaka kujua ni mwenye kosa: ni yeye au ni wazazi wake? Yesu anakataa yote mawili, kisha anamhudumia yule mtu. Sisi tunaisoma sura hiyo kama wazazi wa mtoto ambaye swali hilo limemzunguka tangu akiwa mchanga.

Mtoto wetu wa pili, wa kiume, alianza kuugua pumu ya ngozi akiwa na miezi miwili. Ngozi ya mashavu na kichwa ilikauka, ikapasuka, naye akawa halali usiku kwa kujikuna. Jirani zetu walisema watoto wengi hupata hali hiyo na huacha wakikua, na walisema kweli. Lakini kwake kulikuwa na mengine. Vidoa vidogo kama ncha ya sindano vilitokea miguuni, na ukivibonyeza havikupotea. Choo chake kilikuwa na damu. Masikio yalitoa usaha, yakapona, yakatoa tena.

Daktari aliyatazama hayo yote kwa pamoja, akaagiza picha kamili ya damu. Chembe sahani, zile zinazoziba jeraha ili damu isiendelee kutoka, zilikuwa 21,000 katika kila mikrolita moja ya damu. Mtu mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000. Tena zilikuwa ndogo kuliko kawaida, na hilo ndilo lililomfanya daktari alitaje jina ambalo hatukuwahi kulisikia: ugonjwa wa Wiskott-Aldrich.

Tulielezwa kwamba mwaka 1937, huko Munich, Ujerumani, daktari wa watoto Alfred Wiskott aliandika habari za ndugu watatu wa kiume waliokuwa na ukurutu, damu isiyoganda vizuri na maambukizi ya masikio, huku dada zao wakiwa wazima. Mwaka 1954, Marekani, Robert Aldrich na wenzake walichunguza ukoo mmoja ambao wavulana wake walikuwa wakifa wadogo kizazi baada ya kizazi. Wakaonyesha kwamba ugonjwa hupitia kwa akina mama na kuwapata watoto wa kiume. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1994. Inatoa maelekezo ya kutengeneza protini moja ambayo seli za damu na za kinga huihitaji ili zipate umbo na ziweze kutembea. Protini hiyo ikikosekana, damu, kinga na ngozi vyote huumia. Ndiyo maana mambo tuliyoyaona kama magonjwa matatu yalikuwa ugonjwa mmoja.

Tuseme wazi, asije mzazi yeyote akaogopa bure: ugonjwa huu ni wa nadra sana. Watoto walio wengi wenye pumu ya ngozi chembe sahani zao ziko sawa. Lakini mtoto mwenye pumu ya ngozi akianza kutokwa na vidoa vya damu, michubuko isiyo na sababu, au damu puani na chooni, apelekwe hospitali apimwe damu. Na asipewe aspirini, kwa kuwa huzidisha kutokwa na damu.

Sasa tufike kwenye lile lililotufanya tuandike. Majibu ya kipimo cha jeni yaliporudi, yalionyesha kwamba mmoja wetu ndiye aliyebeba jeni hiyo, naye ni mama, kama ilivyo kawaida ya ugonjwa huu, ingawa wakati mwingine badiliko hutokea upya kwa mtoto mwenyewe. Mama ana jeni mbili za aina hiyo, moja nzima na moja yenye hitilafu, na ile nzima humlinda. Kila mtoto wa kiume anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata ugonjwa. Hakuna alichokula, hakuna alichotenda, hakuna kiapo cha babu kilichovunjwa.

Habari zilitutangulia nyumbani. Shangazi mmoja akauliza, kwa upole kabisa, kama ukoo ule ulichunguzwa kabla ya mahari. Mwingine akashauri mama apelekwe kuombewa peke yake, ili kifungo kikatwe. Wote wanatupenda. Lakini tuliona kwamba lile swali la wanafunzi lilikuwa limepata nguvu mpya, maana sasa lilishika karatasi ya maabara mkononi.

Tulikaa usiku ule, tukakubaliana jambo moja. Siku ya ndoa yetu tulitangazwa kuwa mwili mmoja mbele ya usharika. Basi kama ni mwili mmoja, damu hii ni yetu. Tangu siku hiyo, mtu akiuliza ugonjwa umetoka wapi, anayejibu, awe baba au mama, husema umetoka kwetu. Hatufichi sayansi; wadogo zake mama wanapaswa kuijua, na tumewaeleza. Tunachokataa ni kuigeuza kuwa hukumu.

Usharika nao ulitufundisha. Mtoto alipotokwa na damu puani kwa saa nyingi, alihitaji kuongezewa chembe sahani. Chembe hizi hazikai kama damu nyekundu inavyokaa. Hudumu takribani siku 5 tu, kwa hiyo lazima wawepo watu wanaotoa damu leo. Mchungaji alitangaza baada ya ibada. Vijana wa kwaya walikwenda, na mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa haongei nasi kwa sababu ya mpaka wa shamba akaenda pia. Hakuna aliyeuliza kosa ni la nani. Walikunja mikono ya mashati.

Tiba inayoweza kumponya ni kupandikizwa uloto wa mifupa. Hapa nchini, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekwisha kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, na hilo linatutia moyo, ingawa safari yetu bado ni ndefu. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa na mgonjwa. Binti yetu, mwenye miaka tisa, ametolewa damu ili ilinganishwe na ya mdogo wake. Majibu hayajarudi.

Juzi alituuliza kama na yeye ana jeni ile, na kama watu watamsema siku akiolewa. Tulimwambia kweli: huenda anayo, atajua akiwa mkubwa. Kuhusu watu kumsema, hilo hatuwezi kulijibu peke yetu. Jibu lake liko pia kwenu mnaosoma, mnaokaa naye benchi moja kila Jumapili. Tunaomba mwanzeni kulitayarisha sasa.